Siku Niliyomzika Shosho Nyambura Akiwa Safu ya Tatu

Wenzangu, kuna watu ambao aibu yao kubwa ni kuteleza kwenye matope mbele ya wakwe, na kuna mimi, niliyemuua bibi wa miaka themanini na nane kwa tiki moja ya kalamu, kisha nikasimama mbele ya ukumbi uliojaa kumwombolezea, na yeye mwenyewe akasimama pia. Sasa hivi nacheka kwa sababu nimechoka kujificha.

Mambo yalianza hivi. Kila Agosti idara yetu ya historia hapa Nakuru huwa na shule ya likizo, wiki moja ya walimu wa sekondari na sisi wanafunzi wa uzamili, siku ya kwanza watu wanapelekwa Kariandusi kuangalia mashoka ya mawe na kuchomwa na jua, siku ya mwisho kuna mhadhara wa umma, na safari hiyo mhadhara nilipewa mimi. Mimi Barasa, ambaye hata kanisani sijawahi kuaminiwa na kipaza sauti. Daktari Chelimo, mkuu wa idara na msimamizi wa tasnifu yangu, aliniambia waziwazi kwamba wale watakaokaa safu ya kwanza ndio watakaoamua kama tasnifu itapita, kwa hivyo nijipange.

Na nilikuwa nimejipanga. Sura yangu tamu kuliko zote ilikuwa ya bibi huyo, Shosho Nyambura wa Dundori, aliyezaliwa kwenye shamba la mzungu, akachuma pareto tangu akiwa mtoto, akaolewa hapo hapo, na hapo hapo akamzika mtoto wake wa kwanza, kando ya zizi la ng'ombe, msichana wa miezi saba aliyeitwa Njeri. Mzungu aliandika ndama wake wote kwenye daftari, lakini Njeri hakuandikwa popote. Shosho alinisimulia hayo akimenya viazi, kisha akanishika mkono (kisu bado kiko vidoleni, nikatulia kabisa) akasema, "Andika hilo jina. Mimi nikienda, hakuna mwingine analijua." Nikaandika. Nikampiga na picha, amevaa sweta ya kijani, amekunja uso kwa sababu nilimwambia atabasamu.

Nilichosahau ni fomu ya ridhaa. Chuo hakina mchezo na hilo, mtu yeyote ambaye maneno yake au picha yake itaonyeshwa lazima aweke sahihi, isipokuwa aliyefariki, ambaye anawekewa tiki kwenye kisanduku cha "marehemu" na hakuna anayemsumbua tena. Nilikumbuka siku ya mwisho ya kupeleka fomu, saa nane mchana, ofisi inafungwa saa kumi, mvua inanyesha, na ile njia ya kwenda kwake mvua ikinyesha hata mtu wa boda boda anakuuliza kama umeaga nyumbani. Nikaangalia fomu. Kisanduku kilikuwa hapo, kidogo, kitupu. Nikajiambia, huyu mama ana miaka themanini na nane, na siku ile alikuwa anakohoa (alikohoa mara mbili, na moja ilikuwa ni moshi wa kuni). Nikaweka tiki.

Ningekomea hapo labda nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini Daktari Chelimo ni mama wa maombi, kifo hakimpiti hivi hivi, na alipoiona ile tiki akaniita ofisini.

"Barasa, pole sana. Huyu mama alilala lini?"

"Mwezi wa nne, daktari." Sijui jibu lilitoka wapi.

"Na ulienda mazishi?"

"Nilienda. Mvua ilinyesha sana."

"Hiyo ni baraka," akasema, akafuta macho, na mimi, Mungu anisamehe, nikafuta yangu.

Siku ya mhadhara nilifika nimevaa suti ya shemeji yangu, mikono inanifika kwenye vidole. Ukumbi ulijaa, walimu wamekaa na pua zao zilizobabuka kutoka Kariandusi, safu ya kwanza maprofesa na kalamu zao. Daktari Chelimo akanivuta kando, uso unang'aa. "Nimekuandalia kitu. Nilimpigia pasta mmoja wa Dundori, nikatuma basi la chuo liwalete akina mama wa kanisa lake. Sijawaambia mhadhara unamhusu nani. Nataka iwaguse."

Mlango ukafunguliwa, wakaingia akina mama kumi na wawili na vitambaa vyao vichwani, na katikati yao sweta ya kijani. Wakaketi safu ya tatu. Shosho akanipungia mkono, akawaambia wenzake kwa sauti ya mtu ambaye sikio moja limegoma, "Yule ndiye kijana wangu, yule ananiandika!"

Hapo bado ningeweza kumwambia daktari ukweli. Badala yake (ujinga nao ni kipaji) nilianza kumpigia ishara fundi wa projekta aruke ile picha, yeye akadhani namsalimia, akaniinulia kidole gumba. Wakati huo Daktari Chelimo ameshashika kipaza sauti. Akaomba, akatambua wageni mmoja mmoja kwa vyeo vyao, kisha akasema, "Kabla hatujaanza, naomba tusimame dakika moja, tumkumbuke mama mmoja wa Dundori aliyetuachia hadithi hii, na ambaye Bwana alimwita mwezi wa nne."

Ukumbi mzima ukasimama. Shosho naye akasimama, ameegemea bega la jirani yake Mama Kuria, akainamisha kichwa na kufumba macho. Dakika ilipoisha yeye ndiye aliyetangulia kusema amina, akaongeza, "Mungu amlaze pema, maskini ya Mungu."

Kisha fundi akabonyeza, na Shosho akatokea ukutani, mkubwa kuliko mlango, amekunja uso.

"Nyambura," Mama Kuria akasema, na kulikuwa kimya, kila mtu akasikia, "si huyo ni wewe?"

"Ni mimi. Hata sweta ni hii. Hapo chini wameandika nini?"

Mwalimu mmoja nyuma yao, kwa roho nzuri tu, akamsomea. "Wameandika marehemu."

Shosho akanigeukia. "Kijana wangu," akasema, "nilikufa na nini?"

Na mimi, kwa kuwa kichwa kilikuwa kimeshafunga kazi, nikajibu kwenye kipaza sauti, "Kikohozi."

Walicheka mpaka profesa mmoja akaangusha miwani. Daktari Chelimo hakucheka. "Barasa, na yale mazishi?" Ikabidi nieleze yote mbele za watu, fomu, mvua, tiki, na safu ya kwanza wanaandika. Daktari akajaribu kuniokoa, akachukua fomu mpya na kalamu, akampelekea Shosho kwa heshima zote. "Mama, ukiweka sahihi hapa, tunaendelea."

Shosho akaitazama ile karatasi, akamrudishia. "Daktari, marehemu haweki sahihi."

Mhadhara uliishia hapo. Akina mama wakanywa chai, wakapanda basi lao, na kesho yake nikapewa uamuzi: sura ya Shosho itolewe mpaka aweke sahihi mwenyewe, na bila sura hiyo sina tasnifu.

Jumamosi nilipanda Dundori na sukari, majani ya chai na fomu mpya mfukoni, na matope mpaka magotini. Shosho alinipa kiti, akanipa uji, na kila aliyepita njiani alimwita aje anione. "Huyu ndiye alinizika." Nikaomba msamaha mara tatu. Hakujibu hata moja. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Jina la mtoto bado liko kwenye kitabu?"

"Wamelitoa, Shosho. Walitoa sura yote."

Akaweka chini kiazi alichokuwa anamenya, na hapo ndipo aibu ya kweli ilinishika, ile ya ukumbini ilikuwa mchezo. Huyu mama alinipa kitu kimoja tu nimtunzie, na mimi nilikitupa kwa sababu niliogopa kulowa. Machozi yalinitoka, na safari hii hayakuwa ya kujifanya.

Akajifuta mikono, akaitisha kalamu. "Sijakusamehe," akasema. "Naandikia Njeri." Akaandika jina lake polepole, na chini yake, mahali pasipo na mstari, akaliandika na la mtoto.

Karani wa chuo alitaka kuikataa ile fomu, eti imeandikwa pasipotakiwa. Nikamwambia sawa, lakini airudishe mwenyewe Dundori, na amweleze Shosho sababu. Akapiga muhuri.

Mimi tiki niliacha. Siku hizi mvua ikinyesha napanda tu, na mlangoni kwa watu naita kwa sauti, nasubiri mpaka mtu aitikie.