Mchora Vibao wa Dzaleka na Rangi ya Adui

Saa mbili asubuhi, Kawale, Lilongwe. Delphin Zihindula amesimama nyuma ya kiti cha Meja mstaafu Chimwala, mikono nyuma, macho kwenye skrini. Amekatazwa kusema. Mchoro unaohitaji mtu wa kuueleza, ofisi hii ya mafunzo ya kijeshi haiupokei.

Kwenye skrini kuna ramani ya nchi ya kubuni. Maofisa wa jeshi hujifunzia hapo kuamua: wapige wapi, wapite wapi, wangoje nini. Kazi ya Delphin ni kuwachorea alama zinazosomeka kwa kutupa jicho mara moja. Jaribio la kwanza lilimtoa jasho.

Mzaliwa huyu wa Bukavu, mwenye miaka 41, ni mchora vibao wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Kinyozi, duka, kanisa, vyote kavipaka yeye. Huko mteja akiona nafasi tupu kwenye kibao hudhani kapunjwa rangi. Na kitu cha kutazamwa hupakwa nyekundu, basi.

Ramani nayo akaijaza vivyo hivyo. Msafara wa raia wanaokimbia akaupa nyekundu, ili uonekane.

Meja, ambaye ndiye huijaribu michoro, akauona kweli. Akabonyeza kitufe cha kushambulia, ukafutika.

"Nyekundu kwetu ni adui," Meja alimwambia. "Nimefanya ulichonionyesha."

Delphin alirudi Dzaleka na ramani yake. "Ile alama ilikuwa mi," anasema. "Na mama yangu. Tulitoka Bukavu na miguu, namna ile ile."

Mkewe Darlène, fundi cherehani, aliitazama ramani akacheka. "Papa Douce," akamwita kwa jina la mtoto wao, "umeshona mifuko kumi kwa shati moja. Mutu ataingiza mukono wapi?"

Hapo akaanza kufuta. Mapambo yakaenda, vivuli vikaenda, majina ya vilima yakaenda. Wanaokimbia akawapa nyeupe, na kuwazunguka akaacha uwazi ambao Dzaleka ungemletea ugomvi.

Sasa kidole cha Meja kinasogea kwenye kitufe. Kinasita.

"Hawa wanaotembea," anauliza bila kugeuka, "daraja watalivuka lini?"

Hangoji jibu. Anaondoa mkono, anakaa kuwasubiri wavuke.

Nje, Delphin anajipangusa uso. Mchoro umepita, lakini unatakiwa pia kwenye skrini za magari ya jeshi, ndogo kama kiganja.

"Pale batu batapotea tena," anasema, akitafuta kabaza, baiskeli ya abiria, ya kumfikisha stendi. "Njo maana nitaanza nabo. Milima itafuata, kama nafasi itabakia."