Chombo Kilichoshuliwa Mtoni

Chama cha mafundi wa vyombo vya baharini pale Mtoni kilikuwa na silaha moja tu. Tajiri akimwonea fundi, wenzake waliendelea na kazi mpaka chombo kikamilike, kisha siku ya kukishua majini hakuna aliyeshika kamba. Chombo kilibaki mchangani, jua likizikausha mbao, mpaka tajiri aje kuzungumza. Baba alikuwa mwenyekiti.

Baada ya Uhuru chama kikavunjwa, kikaingizwa katika chama kimoja cha wafanyakazi wa nchi nzima. Baadaye karakana nayo ikawa ya ushirika. Nilikuwa nasoma chuo kikuu, Mlimani, na kila nikirudi nyumbani nilimuuliza baba kama waliulizwa kabla ya kuvunjwa.

"Kaulize huko kwenu wasomi," alisema. "Ukijibiwa uniletee."

Kisha fundi kalafati, rafiki yake aliyeziba nyufa za mbao kwa pamba tangu ujana wao, akakatwa vidole kazini na tezo ya kuchongea mbao. Ushirika ukamrudisha kwake Kiwalani. Baba akasema chombo kipya hakishuliwi mpaka mwenzao apewe kazi, hata ya kulinda mbao.

Siku ya kushua nilikwenda. Katibu wa ushirika, kijana wa rika langu, alimwamkia baba kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Sasa unamgomea nani? Tajiri hayupo. Chombo hiki ni chako."

"Kama ni changu, nakiacha hapa hapa."

Mafundi wakacheka. Nilidhani wako naye. Halafu mmoja akainama, akashika kamba bila kumtazama, na wengine wakafuata.

"Mwenyekiti, njoo basi. Nani atatuanzishia wimbo wa kuvuta kamba?" akaita mmoja wao.

Wakaanzisha wenyewe, kwa sauti ya chini mno, wakakwama, wakaanza upya.

Nikaenda kusimama karibu naye.

"Kaa kivulini," aliniambia. "Wewe si fundi. Usiposhika kamba hakipungui kitu."

Swali la katibu limenikaa kichwani mpaka leo. Mtu anaigomeaje mali yake mwenyewe? Lakini kama kila kitu kilikuwa chetu, mbona maumivu ya yule kalafati yalikuwa yake peke yake?

Chombo kikaelea. Baba akafunga zana zake kwenye gunia, akashika njia ya Kiwalani, amwambie mwenzake kabla hajasikia kwa wengine. Nilipomfuata, akanionyesha kwa mkono nirudi.