Fundi na Moto wa Jikoni

Imetangazwa redioni, kwa sauti nzito, kwamba ni marufuku kumuuzia sigara mtoto aliye chini ya miaka kumi na minane. Fundi cherehani wa uchochoro wetu, hapa Kariakoo, anaitii amri hiyo kikamilifu. Sigara zake hununua mwenyewe, moja moja, na kuibana kila moja nyuma ya sikio, panapokaa chaki. Tangu mitumba ijae mjini hashoni tena suti. Anapunguza suruali za watu wa Ulaya, kichwa chini, mguu haubanduki kwenye pedali. Mikono ikiwa na kazi, humwita bintiye Badria, wa darasa la pili: “Mama, niwashie.” Kiberiti hanunui, wakati jiko la muuza chapati liko pale mbele. Na sigara haishiki moto wa kaa bila kuvutwa, kwa hiyo mtoto huiweka mdomoni, huinama, huvuta.

“Fundi, utamzoesha mwanao moshi wewe,” muuza chapati alimwambia juzi.

“Aa, dada, hii iko kwenye damu. Babu alivuta, baba alivuta, na mimi huyu hapa. Kwetu inashika wanaume tu.” Akakohoa mpaka cherehani ikasimama.

Badria akarudi taratibu, sigara imebaki nusu.

“Mbona imeisha hivi?”

“Upepo, baba.”

Fundi akaipokea, akavuta, akaendelea kushona. Juu ya kichwa chake, suruali zilizotundikwa kwenye kamba zilikuwa zimetulia kimya, hata moja haitikisiki.