Kijiko cha Kumi na Tatu

Kwetu ufukweni mwa ziwa kila nyumba ina alama yake chini ya vyombo. Siku ya harusi au msiba, sahani na vijiko vya kijiji kizima huchanganyika, na jioni akina mama huvipindua kimoja kimoja kuvitenganisha: tone la rangi nyekundu, nyumba ile, msalaba wa msumari, nyumba hii. Kwa hiyo sikushangaa sana nilipojua kuwa fundi wa fedha wa Ulaya naye hugonga alama yake mgongoni mwa kijiko.

Aliyenifundisha ni sonara mmoja wa Songea. Baada ya uhuru nilikuwa nanunua vyombo vya Wazungu waliokuwa wanafunga virago, na huyo sonara alichoka kuniona nikimletea bati na kuliita fedha.

"Simba anayetembea ndiyo fedha yenyewe," alisema, akinipa lenzi. "Herufi mbili hizi ni za fundi. Wewe hapa huna simba, bwana. Nenda kakorogee uji."

Baba alikuwa mpishi. Mmisionari mzee aliyemfundisha kazi alimwachia kijiko kimoja cha supu siku aliporudi kwao. Baba, kwa heshima zote, akawa anakisugua kwa mchanga wa ziwa kila Jumamosi, kama sufuria. Baadaye alipata kazi milimani, upande wa Mbinga, kwa bwana wa Kizungu mwenye shamba la kahawa. Huko ndiko alikojua kwamba fedha hufutwa kwa unga wa chaki na kitambaa laini.

Siku moja vijiko vya bwana vikawa kumi na kimoja badala ya kumi na viwili. Wakapekua kifurushi cha baba, wakakuta kimoja. Kumi na kimoja ongeza kimoja ni kumi na viwili. Kesi ikaishia hapo. Hakuna aliyekigeuza kutazama mgongo. Baba alirudi ufukweni bila kijiko na bila barua ya sifa, na mpishi asiye na barua hapikii mtu tena.

Tangu hapo, kwenye karamu, baba akipita tu karibu na jiko, jirani yetu mmoja, mama mwenye sauti ya kuitia mtumbwi, alikuwa akisema, "Jamani, hesabuni vijiko!" Watu wanacheka. Baba naye anacheka kidogo, kisha anakwenda nyumbani kabla ya kula.

Miaka ya vijiji vya ujamaa, yule bwana naye akauza vitu aondoke. Mkewe ndiye aliyenipokea, bila kujua mimi ni mtoto wa nani. Akanitandazia vijiko mezani. Nikahesabu: kumi na vitatu. Nikarudia, maana mimi nikishapeana mkono na mfanyabiashara, hata vidole vyangu nahesabu mara mbili. Kumi na vitatu.

Nikatoa lenzi. Kumi na viwili vilikuwa na simba mkali na herufi mbili zilezile, kama vimegongwa jana. Cha kumi na tatu, simba wake alikuwa amelika, umebaki mgongo na mkia. Katika herufi za fundi ilisomeka moja tu, nayo haikuwamo kwenye zile za wenzake. Iliyobaki ilikuwa imesagwa na mchanga.

"Mama, hiki kimezidi."

"Ah, hicho. Kimoja chetu kilipotea, kisha tukakiona nyuma ya kabati. Zamani hizo. Chukua bure, hakina wenzake."

Maisha yangu yote nimeitafuta bei hiyo. Siku ile niliona nimeibiwa.

"Mlimwambia mpishi?"

"Mpishi yupi?" akauliza, na naamini hakuwa anajifanya.

Nilishuka hadi Mbamba Bay, na kutoka pale nikaenda kwa miguu mpaka kijiji kipya walikohamishiwa wazazi wangu. Macho ya baba yalikuwa yamefifia. Akapitisha ukucha wa dole gumba mgongoni mwa kijiko, polepole.

"Mchanga wangu huu," akasema.

Nikamwambia nitasimama kwenye mkutano wa kijiji, nionyeshe alama, nieleze yote.

"Usithubutu, mwanangu. Nusu ya watu hapa wametoka Tingi, hawaijui habari yangu. Ukisimama kunitetea, nao watajua kwamba niliwahi kuitwa mwizi."

Nilibishana naye. Nimewahi kuwashusha bei mapadri na maofisa wa serikali. Baba hakupunguza hata senti.

Masika yale akafariki. Siku ya kumaliza matanga vyombo vilirundikwa uani, na aliyekuwa anavigawa ni yuleyule jirani, naye alihamishiwa huko pamoja nasi. Akakishika kile kijiko, akakigeuza, akatafuta rangi, akatafuta msumari.

"Hiki hakina alama. Cha nani?"

Alama ilikuwapo. Lenzi ilikuwa mfukoni mwangu na maneno yote yako tayari, kuanzia kwa simba hadi nyuma ya kabati. Mama akanitangulia.

"Cha mume wangu. Lete."

"Kilekile?" Sijawahi kumsikia jirani yule akiongea kwa sauti ndogo namna ile.

"Kilekile. Kilikuwa chake."

Jirani akakifuta kwa pindo la khanga, akapiga goti, akampa mama kwa mikono miwili. Wa kupewa alikuwa ameshazikwa.

Vyombo vyetu nilivihesabu mara mbili. Vilitimia.