Bado Ndama

Juzi kwenye kibanda cha kuchajia simu hapa Ruangwa, vijana wanaofumua mafaili ya magemu na kuyabadilisha walikuwa wakijaribu gemu la basi walilolitia barabara yetu ya Nachingwea. Mzee mmoja mfugaji aliyefuata simu yake akasimama nyuma yao, fimbo mkononi, basi la kwenye gemu likagonga ng'ombe watatu. Kibanda kizima kikamgeukia yeye.

Mzee akanyoosha fimbo kwenye kioo cha kompyuta. "Hawa mbona hawana mchungaji? Niwekeni mimi."

Tukapumua. Wakampiga picha, wakampachika nyuma ya kundi, kisha wakanipa mimi zamu ya kuendesha. Nilipomwona tu, nikafunga breki. Ng'ombe wakavuka, nikataka kuondoka.

"Subiri," mzee akasema mgongoni kwangu. "Bado ndama."

Nikasubiri, mimi ninayewapigia honi ng'ombe wa kweli kwenye barabara hiyo hiyo kila Jumamosi.