Mawingu ya Okumu Juu ya Timbo

Okumu aliandika vibao vya maduka kule sokoni Gikomba, lakini Jumapili alichora mawingu. Nyumba yake ya Dandora ilikuwa ukingoni mwa timbo ambalo wachimba mawe walikuwa wameliacha likajaa maji ya mvua. Hakuna aliyeliita ziwa ila yeye. Alizaliwa Uyoma, kando ya ziwa kubwa, na maji yoyote mapana yalimtosha. Julai, baridi ikishuka na anga kuwa rangi ya jivu, aliketi mlangoni na koti zito akipaka rangi vipande vya plaiwudi: wingu la asubuhi, manyunyu ya adhuhuri, ule mwanga unaopenya jioni kidogo kisha ukazibwa tena.

Jirani yake Mbuthia, fundi wa kuchomelea vyuma, hakuelewa.

"Mtu mzima anatazama juu kutwa nzima," alimwambia mkewe, Wacuka, mama wa binti yao Njeri. "Anatafuta nini?"

Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, swali hilo likawa zito. Ndege za jeshi zilikuwa zikipita juu ya mtaa, na sasa kila mtu alimchunguza mwenzake, hasa mwenye jina la watu wa ziwa, kwani ndiko walikosemekana kutoka baadhi ya waasi. Siku moja wanaume wawili wasio na sare walikuja, wakazitandaza picha uani.

"Hizi nukta nyeusi ni ndege za jeshi?"

"Ni kunguru, bwana."

"Na mbona kila mara unachora upande ule ule?"

"Ndiko mvua hutokea."

Walimchukua pamoja na picha zake.

Alirudi baada ya wiki kadhaa, amekonda, hataki kusimulia. Jioni hiyo Mbuthia alimletea picha moja iliyofungwa kwa gunia.

"Upepo uliiangusha kwetu. Mama Njeri akaificha."

"Ni nani aliyewaita wale watu, Baba Njeri?"

"Mimi nitajuaje?" Mbuthia alijibu, macho kwenye maji.

Okumu alishukuru. Alipokwisha kufunga mlango, aliigeuza picha huku na huku, akitafuta alama ya penseli, mkwaruzo, chochote cha kuonyesha kwamba ilipitia mikononi mwa wale watu. Hakuona kitu, na hilo halikumtuliza.

Julai iliyofuata alichora tena, ila sasa akiwa ndani, pazia limefunguliwa upana wa kiganja. Manyunyu yalipoanza alimwona Mbuthia akianua nguo za watoto. Mbuthia akampungia mkono. Okumu naye akainua wake, brashi ikiwa bado mkononi, kisha akavuta pazia.