Murugi na Uji wa Saa Nne

Murugi alikuwa amepikia nasari ya baraza la mji uji kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo yote hakuna mtoto aliyewahi kukuta donge kikombeni. Hilo alilisema mwenyewe, tena bila kuulizwa. Mji wao ulikuwa mdogo, juu kidogo ya Tetu, wenye soko moja, posta moja na madiwani wanane, ambao kwa maoni ya Murugi saba walikuwa wamezidi.

Alikuwa mjane, mwanawe Kahiga ameshaoa, na nasari ile ndiyo iliyomwamsha kila asubuhi kwa furaha. Saa nne kamili aliipua sufuria, watoto wakapanga foleni wakimwita cucu, yaani bibi. Aliyetoka kwao bila kula hakuwa na haja ya kusema, kwani Murugi alimjua kwa jinsi alivyokishika kikombe kwa mikono miwili, akamwongezea kimya kimya.

Kisha serikali ikafuta ile kodi ya kila mtu mzima. Mji mzima ulishangilia, na Murugi alipiga vigelegele hata sauti ikamkauka. Miezi michache baadaye ikajulikana kwamba baraza lilikuwa likiishi kwa kodi hiyo hiyo.

Mkutano wa bajeti ulipoitwa, Murugi alikwenda akaketi kwenye benchi za wananchi, mahali ambapo sheria ilimruhusu mtu kusikiliza tu. Simeon, karani wa baraza, alisoma orodha kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya mazishi. Taa mbili za barabarani zizimwe. Mfagiaji mmoja wa soko aachishwe kazi. Jiko la nasari lifungwe mwisho wa mwezi.

"Watoto wakunywe uji kwao," alisema diwani Muriithi. "Ama hawana mama?"

Mwenyekiti, mzee Kingori, alisema kura itapigwa Ijumaa ijayo, kisha akaagiza chai na keki za wajumbe. Murugi alirudi nyumbani akiwa amekasirika kiasi cha kuipita njia yake mwenyewe. Alikuwa na hofu pia, na hofu ilimuuma kuliko hasira, kwa sababu alijua vile vikombe vinavyoshikwa kwa mikono miwili.

Jumamosi alijaza nduma, ndizi na viazi vitamu kwenye kiondo, kikapu chake cha kusukwa, akaenda kwa Kingori kumsalimu mkewe, Gathoni, mama yake Wanja. Hakutaja jiko hata kidogo. Alikunywa chai, akamsifu ndama, akaaga. Gathoni alikuwa ameshapokea kiondo kwa mikono miwili na kukimwaga ghalani, na alipotaka kukitilia majani ya chai na sukari, mgeni alikuwa ameshafika langoni.

"Wacha kwanza, Mama Wanja. Hiyo kiondo nitachukua siku ingine."

Hapo ndipo Gathoni alipogundua amekosea. Katika milima ile, kiondo cha mtu hakirudi kitupu, wala hakikai kwako kama chako. Jumapili alikipeleka kanisani na sukari kilo mbili na mche wa sabuni. Murugi alimkumbatia, akakataa kukipokea.

"Baba Wanja ndiye aniletee. Yeye ndiye anajua ni nini inafaa kuwekwa ndani."

Habari hiyo haikuhitaji gazeti. Kufikia Jumatano, mke wa kila diwani alikuwa ametembelewa na mama wa mtoto mmoja wa nasari, aliyekunywa chai, akasifu ng'ombe, akaacha kiondo. Kingori alilalamika mezani kwake.

"Ati serikali nzima ya mji iongozwe na kiondo?"

"Mimi sijui mambo ya serikali," alijibu Gathoni, akikitundika kiondo kwenye msumari uliokabili kiti cha mumewe. "Lakini kiondo ya Mama Kahiga haitamaliza wiki mbili kwa nyumba yangu. Na nduma ulikula."

Alikuwa amekula, tena nyingi.

Ijumaa benchi za wananchi zilijaa wanawake, wote kimya kama sheria ilivyotaka. Madiwani walikohoa, wakazungukazunguka kwa maneno. Mwishowe aliyesimama ni Muriithi, yule yule. Alipendekeza kwamba chai na keki za mikutano zifutwe, wazazi walete kuni kwa zamu, na jiko la nasari libaki. Mikono minane ikainuka. Hata Simeon, ambaye hakuwa na kura, nusura ainue wake.

Jumatatu, saa nne ikikaribia, mzee Kingori alipita katikati ya soko kwa miguu, kiondo kikining'inia begani. Mwanamume kubeba kiondo ni jambo lisiloonekana kule, na wauza kabichi waliacha kupima ili wamtazame vizuri. Aliingia jikoni akakiweka chini. Ndani mlikuwa na unga wa wimbi, na juu yake barua yenye mhuri wa baraza.

Murugi herufi alizijua chache. "Nisomee, Baba Wanja. Kwa sauti, watoto wasikie."

Mwenyekiti alivaa miwani, akasoma kwamba jiko litaendelea na mpishi atabaki kazini. Watoto hawakuelewa neno, lakini walipiga makofi kwa sababu mzee alisoma vizuri.

"Sasa tumemalizana, Mama Kahiga?"

"Bado. Shika foleni, ukunywe uji."

Akasimama nyuma ya mtoto wa mwisho, kofia mkononi. Murugi alichota, akachota tena, machozi yakimtiririka mashavuni. Watoto walipomuuliza cucu analia nini, hakusingizia moshi. Aliwaambia analia kwa furaha, wasogee mbele, uji unapoa.